Watoto Wakipungua, Njia ya Shule Isirefuke

Ndugu walimu, ndugu maofisa elimu, wazazi na wanafunzi mliofika,

Tumezoea kusikia habari za sekondari zikianzia kwenye upungufu wa madarasa: watoto wamefaulu, nafasi hakuna, wazazi wanachangishwa matofali. Leo tuitazame hali iliyo kinyume chake. Madarasa yapo, maktaba ina vitabu, maabara ina vifaa, uwanja umefyekwa, na watoto wa kuyajaza hawapo. Tutaitumia Japani kuwa mfano wetu mkuu. Nchi hiyo imeishi na jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini na imejaribu karibu kila dawa. Makosa yake yanaonekana wazi sawasawa na mafanikio yake.

Mwaka 1973 Japani ilipata watoto karibu milioni 2.09. Mwaka 2016 waliozaliwa walipungua chini ya milioni 1 kwa mara ya kwanza tangu hesabu hizo zianze kuwekwa, na mwaka 2024 hawakufika 690,000. Wanafunzi wa sekondari ya juu, wale wa umri wa miaka 15 hadi 18, walifikia kilele mwaka 1989, walipokuwa milioni 5.6. Sasa ni kama milioni 2.9. Elimu ya lazima kule inaishia sekondari ya chini, mtoto akiwa na miaka 15. Baada ya hapo sheria haimlazimishi mtu. Hata hivyo karibu watoto wote, zaidi ya 95 katika kila 100, huendelea na miaka mitatu ya sekondari ya juu. Tukumbuke kwamba hawapelekwi na amri. Wanakwenda kwa kuwa shule inafikika, ada inalipika, na jirani naye anakwenda. Kimoja kati ya hivyo kikivunjika mahali fulani, mtoto wa mahali hapo anaachwa nyuma, na hesabu ya taifa zima haitamwonyesha.

Jambo la kwanza ambalo wapangaji wa elimu hawana udhuru nalo ni muda. Mtoto haingii sekondari ya juu kwa kushtukiza. Wengi wa waliozaliwa Japani mwaka 2024 watabisha hodi Aprili 2040, na idadi yao inajulikana leo, wilaya kwa wilaya, kata kwa kata. Nchi hiyo ilipata onyo la mapema kuliko kawaida mwaka 1966. Ulikuwa mwaka wa Farasi wa Moto katika kalenda ya jadi, ambao watu wengi waliuona kuwa na nuksi kwa mtoto wa kike. Waliozaliwa walishuka kutoka kama milioni 1.82 mwaka uliotangulia hadi milioni 1.36, yaani robo nzima iliyeyuka kwa mwaka mmoja. Kundi hilo lilipofika sekondari ya juu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna aliyeweza kusema hakujua. Daftari la kliniki ya mama na mtoto linakupa miaka 15 ya kujiandaa. Halmashauri inayosubiri hadi fomu za kujiunga zirudi pungufu imeitupa miaka 14 ya hiyo kwa hiari yake.

Sasa tuingie jikoni, kwenye hesabu inayofunga shule. Watu husema shule hufungwa kwa kukosa wanafunzi. Si kweli kabisa. Shule nyingi huanza kufa zikiwa bado na wanafunzi wengi tu, na kinachoziua ni namna wanafunzi hao wanavyohesabiwa.

Sheria ya Japani ya mwaka 1961 inayohusu mpangilio wa shule za umma za sekondari ya juu na ikama ya walimu wake (idadi ya walimu wanaopangiwa shule) inatumia kipimo cha wanafunzi 40 kwa mkondo mmoja, yaani kundi moja linalosoma pamoja. Mkoa hupanga nafasi kwa mafungu ya 40, na ikama ya walimu inafuata mafungu hayo. Kwa hiyo idadi ya walimu haishuki polepole kama watoto wanavyopungua. Inashuka kama mtu aliyekosa ngazi. Mji uliokuwa ukitoa watoto 78 kwa mwaka una mikondo miwili. Ukifika mwaka wa kutoa 52, bado kuna watoto wengi, lakini mkoa unaona viti 28 vitupu na kuamua kupunguza mkondo mmoja. Nafasi zinakuwa 40. Watoto 12 wanatafuta shule mji mwingine, na walimu kadhaa wanahamishwa kwa mpigo mmoja. Shule za msingi zilishushiwa kipimo hadi wanafunzi 35 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyotekelezwa darasa kwa darasa. Sekondari ya juu imebaki na 40 ile ile, na mahali watoto wanapopungua, 40 ni panga.

Tuitazame shule iliyobaki na mkondo mmoja kwa kila darasa, madarasa matatu. Hesabu hii ni ya mfano, lakini mwalimu yeyote wa taaluma ataitambua. Kila darasa lina vipindi kama 30 kwa wiki. Matatu yanakuwa 90. Darasa la pili na la tatu yakigawanyika kati ya wanaoelekea sayansi na wanaoelekea sanaa, vipindi vinaongezeka na kufika kama 130. Mwalimu mmoja akibeba vipindi 16, utahitaji walimu kama wanane. Hadi hapo inaonekana inawezekana. Shida inakuja ukiangalia masomo yenyewe. Mtaala wa Japani unamtaka kila mwanafunzi apitie maeneo kumi: Kijapani, jiografia na historia, uraia, hisabati, sayansi, afya na michezo, sanaa, lugha ya kigeni, maarifa ya nyumbani, na habari za kompyuta. Walimu wanane kwa maeneo kumi. Tena ndani ya sayansi kuna fizikia, kemia, biolojia na sayansi ya dunia. Leseni ya kufundisha sayansi kule ni moja, hivyo aliyebobea katika biolojia anaruhusiwa kisheria kufundisha fizikia. Lakini kuruhusiwa hakumpi miaka ya kukaa na fizikia, na mwanafunzi anayetaka uhandisi analigundua hilo akiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Hapo ndipo haki ya kusoma inapobaki jina. Shule ipo, bendera inapepea, lakini fizikia ya juu haimo kwenye ratiba, wala hisabati ya juu. Mzazi mwenye uwezo anamhamisha mwanawe kwenda mjini. Mwaka unaofuata waliobaki ni pungufu, ikama inashuka tena, somo jingine linaondoka. Wazee wetu wangesema maji yanafuata mkondo. Ukimuuliza ofisa atakwambia wananchi wenyewe wameikimbia shule, na kwenye makaratasi yake itaonekana hivyo. Lakini somo ndilo lililotangulia kuondoka, na wananchi wakalifuata.

Kuna njia tatu za kulirudisha somo bila kusubiri watoto waongezeke, na zote tatu zina masharti.

Ya kwanza ni kuzungusha mwaka. Somo linafundishwa mwaka mmoja na kupumzishwa mwaka unaofuata, na darasa la pili na la tatu wanalisoma pamoja. Njia hii inafaa kwa masomo yasiyojengwa ngazi juu ya ngazi: jiografia, uraia, muziki, sanaa ya maandishi. Haifai hata kidogo kwa hisabati, wala kwa lugha ya kigeni. Shule zinazojaribu kuitumia kila mahali huishia na darasa lenye nusu ya wanafunzi waliokosa msingi na nusu waliochoka kurudia.

Ya pili ni mwalimu mmoja wa shule mbili au tatu. Kwenye karatasi inapendeza. Kinachoiharibu ni barabara. Mwalimu anayetumia dakika 50 njiani kati ya shule na shule amepoteza kipindi kizima kila safari. Ratiba zikipangwa bila kumuuliza atasafiri mara mbili kwa siku, na theluji ya Januari itamla siku nzima. Inafanya kazi pale tu siku zake zinapokuwa kamili: Jumatatu na Jumanne shule hii, Jumatano hadi Ijumaa shule ile, na shule zote mbili zinampa dawati, kabati na ufunguo. Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini ambako shule zimetawanyika mno, imezifungamanisha baadhi ya shule zake ndogo na shule kubwa ya jirani iliyo kituo, na walimu wa kituo huenda kufundisha kwenye shule ndogo.

Ya tatu ni somo la mbali kwa njia ya video, na hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Japani iliruhusu rasmi sekondari za juu kufundisha hivyo mwaka 2015. Ili kuhitimu, mwanafunzi anahitaji uniti 74, na uniti moja ni vipindi 35 vya dakika 50. Kati ya hizo, hadi 36 zinaweza kupatikana kwa masomo ya mbali, na mwalimu anatakiwa pia kukutana na wanafunzi wake ana kwa ana kwa kiasi kinacholingana na somo lenyewe. Aprili 2021 Hokkaido ilifungua kituo maalumu jijini Sapporo kinachorusha masomo moja kwa moja hadi shule ndogo za kisiwa kizima. Walimu wake hiyo ndiyo kazi yao. Hawaibi muda kutoka kwa darasa jingine, na hilo ndilo lililokipa nguvu. Mahali ambapo somo la mbali alibebeshwa mwalimu aliyekwisha kuwa na mzigo kamili katika shule yake, lilidhoofika haraka.

Sasa makosa ya vitendo. Kosa la kwanza ni kununua runinga kubwa na kusahau sauti. Mwanafunzi huvumilia picha yenye ukungu. Sauti inayokatika hakuna anayeivumilia dakika 50. Weka kipaza sauti karibu na madawati, si juu ya runinga, na zima feni au jiko linalovuma. Kosa la pili ni kamera moja. Zinahitajika mbili angalau: moja ya uso wa darasa, nyingine inayotazama chini kwenye daftari, kwa sababu mwalimu wa hisabati hafundishi kwa kuona nyuso, anafundisha kwa kuona mstari gani mwanafunzi amekosea. Kosa la tatu ni kengele. Shule tatu zinazopokea somo moja zikiwa na ratiba tatu tofauti, moja inaanza saa 2:45 na nyingine saa 2:55, mwalimu anapoteza dakika kumi kila kipindi. Lazima ratiba zilinganishwe kabla ya mwaka wa masomo kuanza, pamoja na wiki za mitihani na siku za michezo. Kosa la nne ndilo kubwa zaidi: kumwacha mtoto peke yake na mashine. Upande wa kupokea lazima awepo mtu mzima anayewajua wanafunzi kwa majina, hata asipokuwa mtaalamu wa somo. Kazi yake ni kugawa karatasi, kuona nani amelala, kuona nani amekwama akaona haya kusema, na kuwasha mtambo ukizimika. Wanaosema somo la mbali linaokoa mishahara hawajahesabu huyu.

Somo la habari za kompyuta linaonyesha uzito wa jambo hili. Lilifanywa la lazima katika sura yake mpya mwaka 2022, na Januari 2025 likaingia kwenye mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu. Shule ndogo nyingi hazikuwa na mwalimu mwenye leseni yake. Sheria inaruhusu mwalimu wa somo jingine apewe kibali cha mwaka mmoja kulifundisha, na mikoa mingi ikatumia mlango huo. Wanafunzi wote wa nchi wanapewa karatasi moja ya mtihani, lakini wengine wamefundishwa na mtu aliyekuwa akijifunza somo hilo usiku wa kuamkia kipindi. Serikali ikiongeza somo la lazima bila kuongeza mwalimu, anayelipa ni mtoto wa shule ndogo.

Tuache darasa, tutoke barabarani. Shule mbili zikiunganishwa, wakubwa hupima kilomita kwenye ramani. Kilomita hazisemi kitu. Pima dakika, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa darasa, katika mwezi mbaya kuliko yote. Kwa Hokkaido ni Februari, kwenye theluji. Kisha pima safari ya kurudi, ambayo ndiyo husahaulika. Basi la mwisho likiondoka saa 11 jioni, mtoto wa mbali hana klabu, hana masomo ya ziada, hana muda wa kuuliza swali baada ya kipindi. Amesajiliwa shule nzima, anapata nusu yake. Mzazi atamfuata kwa gari mwaka wa kwanza, na kufikia wa pili atakuwa amechoka.

Reli nazo zinaondoka. Sehemu kubwa ya njia ya Rumoi huko Hokkaido ilifungwa Machi 2023, na si ya kwanza. Basi linaloletwa kuchukua nafasi ya treni mara nyingi nauli yake ya mwezi ni kubwa zaidi, kwa kuwa tiketi ya mwanafunzi ya treni ilikuwa na punguzo kubwa ambalo kampuni ndogo ya mabasi haiwezi kulimudu. Kwa hiyo ada inaweza kuwa sifuri na mtoto bado akazuiwa na nauli. Tangu 2010 serikali kuu ya Japani imebeba ada ya sekondari ya juu ya umma, yeni 118,800 kwa mwaka. Mwaka 2014 iliwekwa ngazi ya kipato iliyowaondoa wenye nacho, na mwaka 2025 ngazi hiyo ikaondolewa kwa kiasi hicho cha yeni 118,800. Ni jambo jema. Ila mtoto wa kisiwani hazuiwi na ada. Anazuiwa na kitanda, chakula na boti.

Hapo tunafika Ama. Ni mji mdogo, watu kama 2,300, katika visiwa vya Oki, mkoa wa Shimane, mwendo wa karibu saa tatu kwa meli kutoka bara. Visiwa vitatu vya upande unaoitwa Dozen, cha Ama kikiwemo, vina sekondari ya juu moja. Mwaka 2008 ilikuwa na wanafunzi 89 kwa madarasa yote matatu, na hatari ya kufungwa ilikuwa wazi. Ingefungwa, kila mtoto wa miaka 15 angehamia bara, na wazazi wenye watoto wawili au watatu wangepiga hesabu ya kodi za vyumba na kuhama familia nzima. Viongozi wa visiwa hivyo vitatu, wakiongozwa na Ama, walikwenda mbele zaidi ya kuomba mkoa uwahurumie. Waliiona shule kuwa mali yao ingawa kisheria ni ya mkoa.

Walifanya nini hasa? Mwaka 2010 walifungua nafasi kwa wanafunzi kutoka nchi nzima, mpango ulioitwa kwenda kusoma kisiwani, wenye bweni. Mwaka huo huo walijenga kituo cha masomo ya jioni kinachogharamiwa na miji, ili mtoto wa kisiwani apate kile ambacho mwenzake wa Tokyo anakipata kwa kulipa shule binafsi ya maandalizi ya mitihani. Masomo yenyewe yakaunganishwa na kazi za kisiwa: uvuvi, ng'ombe, chumvi, utalii. Waliajiri waratibu, watu ambao si walimu, wenye kazi ya kuunganisha shule, mji, bweni na wazazi walio mbali. Mwaka 2012 mkondo wa pili ulirudi. Katikati ya muongo huo wanafunzi walifika kama 180, maradufu ya walivyokuwa. Tangu 2018 kuna mtandao wa kitaifa unaozitangaza shule za namna hiyo kwa familia za mijini, na shule zaidi ya 100 zimejiunga.

Msingi wa yote hayo ni bweni, na gharama yake isichukuliwe kijuujuu. Lina chakula mara tatu kwa siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, wakati mpishi naye anataka kupumzika. Lina matroni wa usiku, na lazima wawe wawili wa kupokezana, kwa sababu mmoja ataugua mwezi wa tatu. Lazima ijulikane mapema nani anampeleka mtoto hospitali saa 8 usiku meli zikiwa zimesimama kwa dhoruba, na nani anatia sahihi badala ya mzazi. Bweni lililoanzishwa kwa kukodi nyumba tupu za kijiji bila msimamizi wa kudumu huleta kesi mwaka wa kwanza, na jina la shule likichafuka mara moja, waombaji wa mwaka unaofuata hawaji.

Na kuna ukweli mwingine ambao wapenzi wa mpango huu hawapendi kuusema. Kuchukua watoto Tokyo na kuwapeleka kisiwani hakumzai mtoto hata mmoja. Vijiji 100 vikigombea watoto walewale, vingi vitashindwa, na vitakuwa vimekwisha kutumia fedha za mabweni. Mpango huu unafaa pale ambapo watoto wa hapo bado wapo lakini hawatoshi kufikisha mkondo. Wageni wanakuja kuwa kiegemeo, wenyeji wanabaki kuwa nguzo. Shule ikibaki na wageni watupu, imegeuka kitu kingine. Kinaweza kuwa kitu kizuri, kama ile sekondari ya sanaa na useremala ya kijiji cha Otoineppu, Hokkaido. Kijiji chenyewe hakifikishi watu 800, na wanafunzi wake karibu wote hulala bwenini. Ila tusiite hiyo njia ya kumlinda mtoto wa kijijini.

Okushiri, kisiwa kingine cha Hokkaido, kilichukua njia ya umiliki: mwaka 2016 sekondari yake ilitoka mikononi mwa mkoa ikawa ya mji. Mji ukapata uhuru wa kupanga nafasi na masomo, hadi kuzamia baharini kukawa sehemu ya mafunzo. Pamoja na uhuru ulikuja mzigo wa kuendesha shule, nao haupungui watoto wakipungua.

Msidhani jambo hili ni la visiwani tu. Osaka ni mojawapo ya miji mikubwa kabisa ya nchi hiyo, na mwaka 2012 mkoa ulipitisha kanuni kwamba shule ya umma ikikosa kujaza nafasi zake miaka mitatu mfululizo, iingie kwenye orodha ya kupangwa upya. Kuanzia 2024 mkoa huohuo ulianza kufuta ada hata kwa wanaosoma shule binafsi, bila kujali kipato cha mzazi, darasa moja baada ya jingine. Familia zikaelekea shule binafsi. Katika uandikishaji wa 2024, karibu nusu ya sekondari za juu za umma za mkoa hazikujaza nafasi. Kila sera peke yake ina hoja. Zikikutana, ya kwanza inahesabu viti vitupu na ya pili inaviongeza viti hivyo. Anayeachwa ni mwanafunzi ambaye shule ya umma ya karibu ilikuwa kimbilio lake kwa sababu alama zake ni za chini, anafanya kazi jioni, au anamtunza mgonjwa nyumbani. Huyo hapigiwi simu na shule binafsi.

Wengine wanaelekea shule za posta na mtandao, ambako mwanafunzi husoma zaidi akiwa nyumbani. Mwaka 2024 zilikuwa na wanafunzi karibu 290,000, na zinakua wakati wengine wote wanapungua. Kwa mtoto aliyeshindwa kukaa darasani kwa uonevu au ugonjwa, ni mlango wa kweli na usibezwe. Hatari ni mkoa kuzifanya kisingizio: kwa nini tulipie basi, wakati mtandao upo?

Ufini nayo inapungukiwa, na imechagua njia tofauti. Watoto waliozaliwa huko walikuwa karibu 61,000 mwaka 2010, na mwaka 2023 walikuwa kama 43,400. Agosti 2021, katikati ya mteremko huo, iliongeza elimu ya lazima hadi miaka 18. Vitabu na zana za kazi za mwanafunzi zikawa bure, na safari kuanzia kilomita 7 zinalipiwa kupitia taasisi ya hifadhi ya jamii, Kela. Kinachofaa kuigwa zaidi ni namna fedha zinavyogawiwa. Zinakwenda kwa kichwa, na sekondari ya masomo ya jumla yenye wanafunzi chini ya 200 hupewa kiwango kikubwa kwa kila mwanafunzi, kwa kuwa taa, joto na mwalimu wa kemia gharama yake ni ileile wakiwa 20 au 35. Hakuna mwanafunzi mmoja ambaye kuondoka kwake kunaondoa mkondo mzima. Mteremko upo, ila unatembeleka. Japani ingeweza kufanya hivyo bila kubadili jengo hata moja.

Kwa wenzetu wa Kenya, ambako wastani wa uzazi ulishuka kutoka watoto 4.6 kwa mwanamke mwaka 2008/09 hadi 3.4 mwaka 2022, hesabu hizi si za kigeni sana. Kaunti zilizotangulia kupunguza uzazi zitakutana nazo kwanza, huku za jirani bado zikijenga madarasa.

Na pale ambapo kufunga hakuepukiki, maana pengine hakuepukiki, utaratibu ndio unaoamua kama mtoto ataumia. Japani kwa kawaida huacha kuandikisha darasa jipya, waliomo wanamaliza, kisha milango inafungwa. Ni utu zaidi kuliko kuwahamisha katikati. Lakini mwaka wa mwisho ni mgumu: darasa moja tu limebaki, hawana wadogo, walimu wazuri wameshahamishwa. Shirikisho la besiboli la sekondari huruhusu shule zenye wachezaji pungufu kuungana kuwa timu moja, na busara hiyohiyo itumike kwa kwaya, kwa maabara, kwa masomo ya ziada. Ikama ya darasa la mwisho ifungwe isiguswe hadi siku ya kuhitimu. Mwalimu wa somo la mtihani asihamishwe hata akiomba, apewe posho abaki.

Tangazo litolewe miaka mitatu kabla ya uandikishaji wa mwisho, ili mzazi wa mtoto anayeanza sekondari ya chini ajue atakakokwenda. Tangazo hilo liwe na jina la shule itakayowapokea, nafasi zilizotengwa kwa ajili yao, masomo yatakayohamia pamoja nao, na ratiba ya basi yenye saa za kwenda na kurudi, likiwemo basi la baada ya klabu. Mkataba wa basi uwe umetiwa sahihi kabla fomu za kujiunga hazijachapishwa, na muda wake usiwe chini ya miaka sita: mitatu ya kundi la kwanza, na mitatu ya wadogo zao.